Karatasi ya Kupima Kesho

Nina hasira. Naanza na hilo ili asije mtu akaligundua mwenyewe katikati ya maelezo na kuliandika pembeni kwa penseli. Nina hasira, nimekaa, mikono iko magotini, sauti iko chini. Mmesema niandike kilichotokea uani, nami naandika. Nina sababu pia. Naomba neno hilo lisipitwe mbio, maana ndilo neno tuliloliondoa katika Nyumba hii, na mimi Chediel nilikuwamo kwenye kikao kilichopiga kura ya kuliondoa. Niliinua mkono. Nakumbuka hata chai ilikuwa na tangawizi.

Nyumba haina jina. Wapo wanaosema iko kilimani, wapo wanaosema waliifikia kwa kushuka. Mimi niliifikia nikiwa na cheti cha uuguzi na viatu vipya, na sijui kama hiyo ilikuwa miaka kumi na moja iliyopita au asubuhi ya leo, kwa sababu saa ya ukutani pale mapokezi inafanya kazi, mishale yake inazunguka, lakini kila ukiitazama ni saa nne. Wagonjwa hupokewa saa nne. Basi Nyumba ikaona haina haja na saa nyingine. Tunakunywa chai saa nne, tunakula ugali saa nne, tunavuta mapazia na kulala saa nne ile ile jua likiwa dirishani, na tukiamka tunakuta kuna mtu amesimama uani anasubiri kupimwa. Nimezeeka humu ndani ya asubuhi moja. Nywele zangu zina mvi na suruali yangu bado ina mkunjo wa kwanza wa pasi.

Kazi yangu ilikuwa upimaji. Mtu akiletwa akiwa amechanganyikiwa kiasi cha kuogopesha, hapelekwi kitandani kwanza. Anasimamishwa kwenye ua mdogo wa mapokezi, anavuliwa viatu na mkanda, na sisi wapimaji tunakaa nyuma ya dirisha la wavu tukimtazama kwa robo saa bila kusema naye. Mkononi tuna karatasi. Karatasi ina dalili saba, na kila dalili inapewa sifuri, moja au mbili. Anapaza sauti? Anakataa kushikwa? Anazunguka zunguka? Anatazama geti? Anarudia neno moja zaidi ya mara tatu? Anatisha kwa mdomo au kwa mkono? Anasema yeye si mgonjwa? Unajumlisha. Ikifika saba anaingia Wodi ya Ndani, kwenye milango ya chuma, godoro lisilo na shuka na sindano ya kumlaza, na tangu hapo jina lake linabaki mapokezi pamoja na viatu. Kule ndani anaitwa kwa alama zake. Tuna Kumi wa dirishani, tuna Nane wawili, tuna Kumi na Moja ambaye zamani alikuwa fundi cherehani na aliwahi kunishonea suruali. Nikimpelekea uji hutazama jinsi pindo langu lilivyokaa, halafu hugeukia ukuta.

Kuuliza ni marufuku. "Ukimwuliza atakudanganya," Matroni Eliwaza alitufundisha siku ya kwanza. "Mwili haudanganyi." Basi tukatazama miili. Tuliwatazama watu wakitetemeka, wakijikuna, wakilia, wakiimba, wakiomba maji, na hatukuwajibu, kwa kuwa kujibu nako ni kuanza mazungumzo na mazungumzo huzaa maswali.

Hapo zamani karatasi ilikuwa na safu ya nane. Juu yake paliandikwa Sababu. Mpimaji akiona mtu anapiga kelele aliandika pale: ana jino linalomuuma; amefiwa juzi; kamba imembana. Ikaonekana kwamba safu hiyo inachelewesha kazi. Sababu zilikuwa ndefu, zilimwagika hadi nyuma ya karatasi, na baya zaidi, mpimaji akishaandika sababu alirudi juu akapunguza alama. Kikao kikakaa. Tukaifuta. Tangu hapo kelele ikawa kelele tu, ya jino au ya shetani, alama ni zile zile.

Nani alitupa ruhusa? Sikuuliza wakati huo, nauliza sasa, na mtanisamehe nikiuliza bila adabu. Tunachokipima ni nini hasa? Alichokifanya mtu jana kina mashahidi na kina kovu, nacho kina hakimu wake huko nje. Sisi hatushughuliki nacho. Sisi tunapima kesho. Tunamtazama mtu aliyesimama peku juani, tunamwambia: kesho yako tumeiona, ni mbaya, kwa hiyo leo yako tunaichukua. Naye akikasirika kwa kunyang'anywa leo yake, tunagongana viwiko na kuambiana, umeona? Karatasi ilijua. Hakuna aliyewahi kutoka Wodi ya Ndani akathibitisha kwamba karatasi ilikosea, kwa kuwa aliyefungiwa hakupewa nafasi ya kutofanya. Jiwe lililorushwa naweza kukuonyesha. Jiwe ambalo mtu alilishika, akafikiri, akaliweka chini, hilo sina pa kulitoa, na Nyumba hii haiamini kitu kisichoweza kutolewa kwenye droo.

Lakini sitaki kujifanya malaika. Kuna Salome.

Nesi Salome alikuwa mpimaji mwenzangu, mcheshi, mpenda karanga, maganda yake ukiyakuta hadi kwenye mafaili. Saa nne moja aliletwa mwanamume mpole. Alisimama uani robo saa nzima akitazama vidole vya miguu yake. Nilimpa sifuri saba, zimenyooka, na moyo wangu ukafurahi, maana hata mpimaji huchoka kufunga watu. Chai haijapoa, yule mwanamume alichukua ndoo ya chuma akampiga Salome nayo usoni mara nne, bila neno. Salome yuko hai. Anakunja mashuka chumba cha nguo, anakunywa uji kwa mrija, na tukipishana hunisalimia kwa mkono kwa kuwa taya lake halifunguki vizuri. Baada ya hapo kikao kilikaa tena. Mngetarajia tuseme kwamba karatasi haiwaoni watu walio kimya. Hatukusema. Tulichofanya ni kushusha kiwango kutoka tisa hadi saba, ili wenye kelele wafungiwe mapema zaidi. Walio kimya waliendelea kupewa sifuri na kupewa kiti. Nadhani hasira yangu ilianzia pale, ingawa niliiita uchovu na kuinywea panado.

Sasa nieleze jambo ambalo mtu wa nje ataliona la kijinga. Getini hatuulizi mgonjwa ni nani. Tungeulizaje, na kuuliza ni marufuku? Ndugu na mgonjwa wanaingia pamoja, wanatazamwa pamoja, na karatasi ndiyo inayomchagua mgonjwa. Mwenye alama nyingi anaingia ndani. Mwenye alama chache anapewa kadi ya ndugu, anatia sahihi, anarudi kwao. Ilikuwa haijawahi kutusumbua, au ilikuwa haijawahi kutusumbua sisi.

Saa nne wakaingia wawili, mwanamke na mwanamume, mkono mmoja wa huyu na mmoja wa yule imefungwa pamoja kwa kanga iliyosokotwa. Miguu yao ilikuwa na vumbi la safari moja. Mlinzi wetu Songoro akaanza kulivuta fundo.

"Polepole baba, mkono wake una kidonda!" mwanamke akasema.

Nikaandika: anapaza sauti, moja.

"Nimesema polepole! Jamani, kwani huyu ni mbuzi?"

Nikaifuta moja, nikaweka mbili. Pembeni yangu penseli ya Matroni ilifanya hivyo hivyo.

Mwanamume alisimama kando. Alikuwa mrefu, shati lake limefungwa vifungo vyote mpaka kooni, anatazama ardhi. Fundo lilipofunguka alikunja kanga mara nne, kwa utaratibu, akaiweka kwenye ukuta wa bustani. Mwanamke akaja hadi kwenye wavu wetu, uso wake karibu kiasi kwamba niliona midomo yake imepasuka kwa kiu.

"Shikamooni. Daktari ni nani hapa? Tumetembea siku mbili. Huyu ni mdogo wangu, naomba mumpokee leo, leo hii. Nyumbani kuna watoto." Akatungoja. "Mbona hamjibu? Nasema kuna watoto. Watoto wawili. Watoto wako na bibi yao na bibi mwenyewe haoni." Akaenda dirisha la pili, akarudi la kwanza. "Mnaandika nini na mimi sijataja hata jina? Watoto, mama yangu! Mnasikia? Watoto!"

Anazunguka zunguka, mbili. Anarudia neno moja, mbili. Songoro alimwekea yule mwanamume kiti karibu na geti, na mwanamke alipoona ndugu yake yuko karibu na geti hakuondoa tena macho pale. Anatazama geti, mbili. Manesi wawili wakatoka kumshika, akawasukuma. Anakataa kushikwa, mbili. Kisha, kama wote, akasema lile la mwisho.

"Mgonjwa si mimi!"

Kumi na mbili. Matroni akanionyesha karatasi yake, nami nikamwonyesha yangu. Zilifanana hadi mwandiko. Nawaambia ukweli, nilijisikia vizuri. Kuna raha mtu anaipata akikubaliana na mkubwa wake, na raha hiyo ndiyo iliyojenga Nyumba hii kuliko matofali.

Mwanamume alipata sifuri. Matroni akatoka kumpa maji kwa mkono wake mwenyewe. "Pole, mwanangu. Umebeba mzigo mkubwa."

"Asante, mama," akajibu.

Mimi nikapewa kazi ya kumpeleka Kumi na Mbili ndani. Ukumbi wa kwenda Wodi ya Ndani una hatua arobaini, nimezihesabu mara nyingi, lakini siku hiyo kila nilipohesabu kumi nilijikuta tena kwenye ya tatu. Mwanamke alikuwa ameacha kupiga kelele. Alitembea karibu na mimi, peku, akipumua kwa pua. Nilipomtazama usoni nikaona ana uso wa yule fundi cherehani siku nilipomwingiza, kisha uso wa Kumi, kisha nyuso zingine ambazo nilikuwa nimezisahau, zikipita mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho ulikuwa na mvi zangu. Niliogopa. Kwa woga huo nikafanya kosa ambalo sikuwa nimelifanya tangu nivae viatu vile vipya.

"Jina lako nani, dada?" nikamwuliza.

Alisimama. Nilidhani ataangua kilio, lakini alinijibu kama anayejibu mwanafunzi.

"Tupokigwe. Nafundisha darasa la pili. Nina watoto themanini kwenye chumba kimoja, kaka, sauti yangu ndiyo hii, sina nyingine. Na wewe nani?"

"Chediel."

"Kaka Chediel, nisikilize basi. Mgonjwa ni yule mliyempa kiti. Anaitwa Ambakisye. Wiki ya tatu hii haongei na mtu, anachimba. Nyuma ya jiko, kwenye migomba, amechimba mashimo mawili. Nikadhani ni ya mbolea. Juzi nikamkuta chumbani anawapima wanangu wamelala. Ana kamba ya mgomba, anapima toka kisogoni mpaka kisiginoni. Akamaliza mdogo, akampima mkubwa, akatoka, akaenda kulirefusha shimo la pili. Nikamwambia, Amba, unafanya nini? Akaniambia, 'Wamechoka, dada. Watalala vizuri.'"

Nikageuka kutazama tulikotoka.

"Ni mpole," akaendelea. "Hajawahi kumpiga hata kuku. Kumfunga kamba niliona haya, nikajifunga naye kwa kanga yangu ili asinipotee njiani. Sasa mmemfungua, mmempa maji, na mnamwambia arudi nyumbani."

"Kwa nini hukuyasema haya uani?"

"Nilianza kuyasema!" Kisha akaishusha sauti, na kuishusha kwake kuliniuma kuliko kelele zote. "Niliwaambia kuna watoto, kaka. Mlikuwa mnahesabu."

Kweli. Nilikuwa nimelihesabu neno watoto mara sita, nikaandika mbili. Sikulisikia hata mara moja.

"Nifungeni mimi," Tupokigwe akasema. "Sijali. Nichomeni sindano, nifungeni mwaka. Ila yule asitoke."

Nilimwacha ameketi kwenye sakafu ya ukumbi, sikufunga mlango wowote, nikarudi mapokezi mbio. Njia ya kurudi ilikuwa hatua kumi tu. Matroni alikuwa anajaza kadi ya ndugu.

"Matroni, tumekosea mtu."

"Karatasi yako ina kumi na mbili, yangu ina kumi na mbili. Tumekosea wapi?"

"Mgonjwa ni yule wa kwenye kiti."

"Nani kakwambia?"

"Dada yake. Anaitwa Tupokigwe, ni mwalimu, na..."

"Umemwuliza?" Aliweka kalamu chini.

"Nimemwuliza."

Eliwaza si mtu mbaya. Nimemwona akimlisha Salome uji kijiko kwa kijiko kabla mrija haujapatikana, akimfuta kidevu kwa upande wa gauni lake. Alinitazama, na macho yake yalikuwa na hasira iliyozeeka kuliko yangu.

"Chediel. Wewe ulimwonea mtu huruma ukampa sifuri. Mimi ndiye niliyepiga magoti nikaokota meno ya Salome, nikayatia kwenye kikombe. Usije kunifundisha huruma hapa."

"Sikumwonea huruma, alikuwa kimya! Kimya kama huyu! Karatasi haioni mtu aliye kimya, Matroni, tangu siku ile tunajua haioni, na tukakaa pale tukanywa chai tukapandisha adhabu ya wanaolia!"

Alivuta droo, akatoa karatasi safi. "Umepaza sauti," akasema kwa upole, akaandika.

Hapo Ambakisye alikuwa ameshasimama mbele yetu, ameichukua kadi yake mezani, anangoja kuruhusiwa. Nikamgeukia. Nikashusha sauti.

"Mdogo wangu, ukitoka hapa unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Kufanya nini?"

"Kumalizia kazi. Mashimo yamebaki kina kidogo."

"Unaona?" Matroni akasema. "Mtu wa kazi. Ana migomba yake." Akampigapiga begani. "Nenda, mwanangu, tutakutumia habari za dada yako. Songoro, mfungulie."

"Mwulize ni mashimo ya nini. Swali moja tu, Matroni. Mwulize."

"Hapa hatuulizi."

Akaenda. Alitembea polepole, mikono ikining'inia, akikwepa maua. Ua ule ni wa hatua ishirini. Nilisimama mlangoni na mwili wangu ukaanza kuchemka kuanzia magotini, na nataka mwelewe kwamba haikuwa hasira juu yake. Nilikuwa nimemkasirikia Matroni, na karatasi, na mkono wangu ule ulioinuka kikaoni, na kila mtu aliyewahi kukaa kivulini akimtazama mwenzake aliye juani. Miaka yote nimepima hasira za watu kwa sifuri, moja na mbili, kumbe sikujua ina uzito gani. Ni nzito. Mtu akiwa nayo hawezi kusimama sawasawa. Halafu tunamwandikia kwamba anazunguka zunguka.

Na nikakumbuka kanuni ambayo imewahi kutumika mara mbili tu. Mtu akimpiga mwenzake uani hadi damu ikatoka, geti linafungwa. Funguo zinakwenda kwa Matroni. Hatoki mtu, awe mgonjwa, awe ndugu, awe mleta mkaa, kwa siku tatu, na kila aliyekuwapo anakaa chumba chake peke yake na anahojiwa na wageni kutoka nje ya Nyumba, kama ninyi mnavyonihoji sasa. Anaulizwa. Anaulizwa kila kitu, jina, kwao, ameota nini, ana mpango gani. Damu ikishamwagika ndipo Nyumba hii hukumbuka kwamba watu wana midomo.

Damu, basi.

Nilifikiri kumpiga Songoro. Lakini Songoro ni mtu mzima, ana presha, na geti lilikuwa wazi nyuma yake. Tungegaagaa sisi wawili na Ambakisye angetuvuka akaenda zake. Nilifikiri kujikata mwenyewe, lakini kanuni inasema mwenzake. Haya ninayaeleza taratibu, ila pale yalipita kwa haraka kuliko kupepesa jicho. Ambakisye alikuwa amebakiza hatua tano. Nikapiga kelele ambayo sijui ilitoka wapi, nikakimbia juu ya maua.

Nilimpiga mgonjwa. Sitalipamba. Mimi muuguzi, mtu wa miaka hamsini na kitu au ishirini na kitu, nilimgeuza kijana ambaye hakuwa amenifanyia lolote nikampiga ngumi ya mdomo, na ya pili, mpaka nikaona damu imechirizika kwenye ile kola iliyofungwa vizuri. Tukaanguka wote. Nikasikia filimbi ya Songoro. Nikasikia geti likibamizwa na komeo likiingia. Nilimlalia kwa uzito wangu wote, nikiwa nasubiri anisukume, aniume, anipige, afanye jambo lolote ambalo karatasi ingeweza kuliona.

Hakufanya kitu. Alilala chini yangu kama shuka.

Manesi wakaja. Matroni akaja na karatasi yake, viatu vyake vikasimama karibu na uso wangu. "Mwachie, Chediel," akasema, na nikasikia kalamu. Aliandika kwa muda mrefu. Sikumlaumu, nami ningeandika. Angetafuta mahali pa kuweka yale mashimo na kamba ya mgomba na asingepaona, maana tulishapafuta. Kwenye karatasi ile nilikuwa nimetimiza kumi na nne, alama zote, mtu wa kwanza katika historia ya Nyumba, na kijana aliyekuwa chini yangu na kesho yake ya mashimo mawili alikuwa bado na sifuri.

"Mwachie kijana wa watu. Amefanya nini?"

Nikainua kichwa kidogo ili nimtazame. Nilitaka kumwomba radhi. Macho yake yalikuwa wazi, yamenikazia, na kwa mara ya kwanza tangu aingie niliona kuna mtu ndani yake anatazama nje. Midomo iliyopasuka ikasogea. Ilibidi niweke sikio.

"Asante," Ambakisye akanong'ona. "Nilingoja mtu aniulize tangu asubuhi. Ukaniuliza, nikakujibu, nikadhani hukusikia."

"Nilisikia," nikamwambia.

"Basi usiniachie, kaka. Mkiniachia nitakwenda."

Manesi wanne walinishika, wawili mabega, wawili miguu, na Matroni akaendelea kusema mwachie, mwachie. Walivuta. Walishindwa kututenganisha, na wakaandika kwamba ni nguvu zangu, lakini mimi wakati huo nilikuwa nimeshalegea kabisa. Aliyekuwa ameshika ni yeye.